Nani Anayekula Maua Yetu?

Mhariri aliponiandikia kuniomba makala kwa kurasa hizi za Kiswahili, alisema niandike juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni kuotesha miche ya maua na kuiuza, si mbali na Entebbe, na swali ninaloulizwa na wanunuzi kupita maswali yote ni hili: "Bwana, kuna kitu kinakula maua yangu. Ni kitu gani?" Nami huwauliza: "Umekwenda kutazama usiku?" Karibu wote hawajakwenda. Mimi mwenyewe sikwenda nilipokuwa mwanafunzi hapa, na kwa sababu hiyo mzee mmoja alipoteza mbuzi wake. Niacheni niwaeleze habari hiyo kwanza, maana yote ninayoyajua juu ya jambo hili yalianzia pale.

Ninyi mliosoma pamoja nami mtamkumbuka yule mzee wa bustani ambaye sote tulimwita Jajja, yaani babu kwa Luganda. Alikuwa na nyumba nyuma ya jiko, na mbuzi jike mmoja ambaye alimfunga kwa kamba chini ya mwembe. Nilipokuwa kidato cha tatu niliwekwa kuwa kiranja wa bustani. Siku ya wazazi ilikuwa katikati ya mwezi wa Machi, na mkuu wa shule alitaka matuta yaliyo mbele ya jumba la mikutano yawe yamejaa maua. Tukapanda dalia, zinia na mawaridi. Jua la Februari lilikuwa kali, majani ya uwanjani yamekuwa kama karatasi, kwa hiyo niliwaamuru wadogo wangu wamwagie maji kila jioni baada ya michezo, na watandaze nyasi nene juu ya udongo mpaka mashinani pa mimea. Nilijiona mkulima hodari.

Asubuhi moja nikakuta dalia zimeliwa. Maua matano au sita yalikuwa yamenyofoka petali, majani yametobolewa matundu matundu, na miche miwili midogo ya zinia haikuonekana kabisa. Nikainama, na pale katikati ya tuta nikaona mavi ya mbuzi. Sikutazama zaidi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mwenye zamu, nikamwambia mbuzi wa Jajja ameharibu bustani ya shule. Mwalimu akaja, akaona mavi, akakubali. Jajja aliitwa. Alisema mbuzi wake hakufunguka usiku ule. Akaambiwa amwondoe mbuzi katika eneo la shule kabla ya Jumamosi.

Hakuwa na mahali pa kumpeleka. Jumamosi alimfunga kamba shingoni akaenda naye sokoni, na kwa kuwa kila mtu sokoni alijua kwamba hana budi kuuza siku ile, alipewa bei ya mwenye shida. Baadaye nilisikia kwamba mbuzi yule alikuwa na mimba, na kwamba mwanawe aliwekewa mjukuu wa Jajja, msichana, kwa karo ya shule.

Jumatatu asubuhi dalia zilikuwa zimeliwa tena.

Nilisimama mbele ya tuta lile nikiwa na moyo mzito. Nikayatazama yale mavi, ambayo yalikuwa bado yapo, makavu, na ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtoto mdogo angelikumbuka: wiki mbili kabla, Jajja mwenyewe alileta vikapu vitatu vya samadi ya mbuzi tukaichanganya na udongo wa tuta. Mimi ndimi niliyemwomba.

Basi nilikwenda kwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichukua jani moja la dalia, akaniuliza, "Mbuzi ana meno mangapi ya mbele katika taya la juu?" Sikujua. "Hana hata moja," akasema. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe: juu wana ufizi mgumu tu. Mbuzi hukamata tawi kwa midomo na ulimi, akalibana kwa meno ya chini, akavuta. Kwa hiyo akila ua hulichukua lote na kikonyo chake, na pale palipobaki huwa pamechanika, nyuzi zikining'inia. Sungura na panya wana meno makali juu na chini, nao hukata kikonyo kwa mshazari, safi kana kwamba ni kwa kisu. Lakini jani lile halikuchanika wala halikukatwa. Lilikuwa na tundu katikati, nalo ukingo wake ni laini. Mbuzi hatoboi tundu katikati ya jani, akaacha kando zote.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na hata leo mtu akiniletea jani katika bahasha nalitazama jeraha kabla ya kumsikiliza habari zake. Wadudu na jamaa zao ni wa namna mbili: wanaotafuna na wanaofyonza. Mwenye kutafuna huacha pengo. Mwenye kufyonza haachi pengo, bali ua hujikunja, hupauka, au huota mabaka. Vidukari hukusanyika penye vichipukizi na chini ya machipukizi ya mawaridi, hufyonza utomvu, na hutoa majimaji matamu ambayo huwavuta sisimizi. Ukiona msafara wa sisimizi ukipanda mwaridi, usiwashitaki sisimizi, fuata unakokwenda. Utitiri huacha vidoa vidogo vya manjano na utando mwembamba chini ya jani. Na wako wale wadogo sana, wembamba kama kipande cha uzi, wanaojificha ndani ya ua lenyewe na kulifanya liwe na michirizi ya rangi ya kahawia kabla halijachanua. Hao ukitaka kuwaona pukuta ua juu ya karatasi nyeupe. Sitasema zaidi juu ya wafyonzaji, kwa kuwa maua yetu yalikuwa na mapengo.

Swali la pili ni saa. Mwalimu alinipa kibunda cha uzi mwekundu. Saa kumi na mbili jioni nilichagua mimea miwili ya dalia na mwaridi mmoja, na kila jani na kila ua lililokuwa limeliwa nikalifunga kipande cha uzi. Saa kumi na mbili asubuhi nilirudi, nikahesabu majeraha yasiyo na uzi. Katika dalia yalikuwa kumi na moja. Nikayafunga hayo nayo, na jioni nikatazama tena: hakuna jipya hata moja. Basi mlaji alikuja usiku. Kazi hii haikugharimu kitu, nayo iliwatoa kesini ndege wote, tumbili wote na panzi walao mchana. (Wenzangu walikuwa wamekwisha anza kusema ni nsenene. Nsenene hupenda nyasi na nafaka, na hata kama angekula maua, nani katika Uganda angemlalamikia? Tungemla yeye.)

Jaribio la tatu lilikuwa la mwalimu, nami nalisimulia kwa urefu kwa sababu nimelitumia mara nyingi tangu siku ile. Tulichukua mimea mitatu ya dalia iliyokuwa jirani. Wa kwanza tuliufunika kwa tenga la kubebea kuku, lenye mianya ya kupitisha kidole, tukaweka jiwe juu yake. Wa pili tuliuzungushia debe lililotolewa kitako, tukalididimiza katika udongo, na ukingo wake wa juu tukaupaka grisi ya gari pande zote. Kabla ya hapo nilichimbua udongo wa ndani kwa kijiti, nisije nikamfungia mwizi pamoja na mali. Nikakuta sota wawili, wale viwavi wanene wa rangi ya udongo ambao hujikunja ukiwagusa, na ambao hukata miche michanga usiku pale pale inapotokea ardhini. Hao ndio waliokuwa wamekula zinia zangu. Mmea wa tatu tuliuacha wazi.

Sasa fikirini. Mnyama mkubwa hawezi kuingia katika tenga, lakini anaweza kuinamisha kichwa juu ya debe. Mdudu arukaye huweza kuingia kote kuwili. Mwenye kutambaa huweza kupita katika mianya ya tenga, lakini hawezi kuipita grisi. Baada ya siku tatu mmea uliokuwa wazi ulikuwa umeliwa vibaya, ule wa ndani ya tenga umeliwa pia, na ule wa ndani ya debe ulikuwa mzima kama siku tuliyoufunika. Mlaji alitambaa.

Usiku wa nne niliruhusiwa kutoka bwenini saa tatu, pamoja na mwalimu, nikiwa na tochi. Nilimulika dalia. Juu ya kila ua palikuwa na kitu chenye kung'aa: konokono wasio na gamba, wengine weusi, wengine wa kijivu, na chini, katika zile nyasi nilizoamuru zitandazwe, konokono wakubwa wenye magamba ya kahawia wakija taratibu, huku wameacha njia za ute nyuma yao. Nilikuwa nimeziona njia zile asubuhi nikadhani ni umande. Mwalimu aliniambia nisikilize. Ukikaa kimya karibu na konokono mkubwa anayekula jani gumu, utasikia mkwaruzo mdogo, maana ulimi wake una maelfu ya meno madogo kama tupa, naye hakati, hukwangua. Ndiyo sababu ukingo wa tundu huwa laini.

Nikamwuliza kwa nini wametujia sisi, wakati uwanja mzima hauna mmoja. Akasema, "Fikiri. Mwezi huu mahali pa majimaji katika kilima hiki ni pamoja tu." Mwili wa konokono hukauka upesi, wakati wa jua kali yeye hujificha, na mwenye gamba hujifungia ndani yake kwa utando mgumu hata miezi kadhaa akingoja unyevu. Mimi kwa kumwagia maji kila jioni nilikuwa nimemfanyia mvua usiku, ambapo ndipo anapotembea, na kwa nyasi zangu nilikuwa nimemjengea nyumba ya mchana hatua mbili kutoka mezani kwake. Hata angekuwako mbuzi kumi pale, asingeweza kunidhuru kama nilivyojidhuru mwenyewe.

Konokono hawa wakubwa wana habari zao duniani. Jamaa yao mmoja, ambaye kwao ni pwani ya Afrika Mashariki, alichukuliwa na watu akavushwa bahari mpaka visiwa vya Hindi, na mwaka 1847 mtu mmoja apendaye makombe, Benson, aliwapeleka Calcutta kutoka Mauritius, wakazaliana. Kila mmoja wao ni dume na jike pamoja, na hutaga mayai mamia. Mwaka 1966 mvulana mmoja aliwaleta watatu Miami, Marekani, kutoka Hawaii. Walitupwa bustanini, na baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na serikali ya huko ilitumia zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza. Na watu wa huko wana dawa kuliko sisi. Kwa hiyo usimdharau yule mmoja unayemwona.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Jajja. Alikuwa akichonga mpini wa jembe. Nilimwambia, "Jajja, si mbuzi wako aliyekula maua. Nilikusingizia."

Aliendelea kuchonga. Kisha akasema, "Najua, mwanangu. Nilikuambieni, lakini hamkuniuliza."

Nikamwambia nitamweleza mkuu wa shule. Akasema, "Mweleze. Lakini mbuzi ameliwa tangu Jumapili."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimweleza mkuu wa shule na mwalimu wa zamu, nami niliondolewa ukiranja kwa muda wa wiki mbili, adhabu ndogo kwa maoni yangu. Mwalimu wa zamu alikwenda nyumbani kwa Jajja usiku, waliyoyasema siyajui.

Tulianza kazi. Maji tukamwagia alfajiri badala ya jioni, ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Nyasi tukazivuta mbali na mashina, kadiri ya urefu wa mkono. Jioni tuliweka vipande vya mbao na magunia yaliyoloweshwa, na chini yake maganda ya papai. Asubuhi tulivifunua tukawakuta wamelala humo kama abiria. Mtu mmoja alisema wanapenda harufu ya pombe, na ni kweli, kisahani cha pombe ya ndizi kilichozikwa usawa wa ardhi huwavuta wakaanguka ndani, lakini mkuu wa shule hakuona njia ya kuandika matumizi hayo katika daftari la shule. Usiku tuliwaokota kwa tochi, mikono imevikwa mifuko, kwa sababu konokono huweza kubeba vimelea vinavyoingia hata ubongoni mwa binadamu. Msiwashike kwa mikono mitupu, na mboga za majani za bustani yenye konokono zioshwe sana. Usiku wa kwanza tuliokota 67. Usiku wa sita, 9. Majivu yanayosifiwa na watu wengi tuliyajaribu, nayo yalifaa mpaka yalipolowa. Chembe za sumu za dukani huua konokono, lakini zina ladha inayowavutia mbwa, na mbwa hufa, mimi siziuzi.

Nilidhani kesi imekwisha, kumbe mawaridi yalikuwa na kesi yao. Mvua ya kwanza ya Machi iliponyesha, baada ya siku tatu majani ya mawaridi yalianza kuliwa kutoka kandoni kuingia ndani, kwa mapengo yasiyo na mpango, na petali zikawa kama zimetafunwa na mtoto. Hakukuwa na ute. Nilifunga uzi: usiku. Niliweka grisi shinani: wakala vile vile. Basi huyu aliruka. Nilikwenda na tochi saa mbili, nikawakuta mbawakawa wa kahawia, wa ukubwa wa punje ya harage, wengi mno, hasa katika miti iliyo karibu na taa ya barazani. Watoto wao ni wale funza weupe waliojikunja kama herufi C ambao jembe huwafukua, nao hukaa ardhini wakila mizizi. Mvua ikilainisha udongo wakubwa hutoka kwa pamoja, na mchana hurudi kujificha ardhini. Dawa yake ilikuwa kuizima taa ile, kutandika shuka chini ya mwaridi na kulitikisa tawi. Huanguka kama mvua ya mawe.

Yuko mmoja katika mawaridi ambaye nawaombea msamaha. Ukiona jani limekatwa nusu duara kamili ukingoni, kana kwamba ni kwa mkasi, huyo ni nyuki mkata-majani. Hali jani. Analiviringa kuwa kikombe, akatia chavua na asali, akataga yai moja, akafunika kwa kipande kingine. Mwaridi haufi kwa ajili yake, na huyo huyo ndiye anayebeba chavua za maboga yenu. Msimpulizie dawa.

Na mmoja wa mchana: mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya njano au ya rangi ya chungwa, ambaye hukaa wazi juu ya ua la hibiskasi na kulila petali bila haya. Haogopi kwa sababu mwili wake una sumu itoayo malengelenge katika ngozi. Mwangushe kwa kijiti ndani ya maji ya sabuni. Lakini msimmalize kabisa, kwa maana watoto wake hula mayai ya panzi ardhini.

Siku ya wazazi dalia zilikuwa chache kuliko tulivyotarajia, ila zilikuwa nzima. Kikundi cha bustani kiliuza miche kwa wazazi penye lango, na mwalimu wa zamu akaongeza kitu kutoka mfukoni mwake, tukampelekea Jajja. Hazikufika bei ya mbuzi mwenye mimba. Zilitosha karo ya muhula mmoja ya yule mjukuu, na zilizobaki Jajja alinunua bata wanne. Nilimwuliza kwa nini bata. Akasema, "Nimeona mnavyohangaika na mifuko mikononi."

Bata hula konokono wasio na gamba kwa furaha kubwa, na wenye magamba walio wadogo huwameza wazima. Wakubwa hawawawezi, hao bado huokotwa kwa mkono. Wafungulieni asubuhi na mapema, kabla konokono hawajaingia mafichoni, na warudisheni ndani kabla hawajakumbuka kwamba wanapenda pia miche ya mboga.